Kisu Nilichokitundika Msumarini

Wiki jana mmoja wenu aliingia dukani akiwa bado na ovaroli, akaegemea kaunta kwa viwiko vyenye grisi na kuniambia, "Niaje boss. Nipe kisu ya ledhi, kali kushinda zote uko nazo."

"Unakata nini?" nikamuuliza.

"Chuma."

"Chuma gani?"

Akanitazama kama mtu aliyeagiza chai akaulizwa jina la ng'ombe. "Boss, uza tu. Kali ni kali."

Nikamuuzia. Akaenda zake akipiga mluzi, nami nikabaki nikipanga maboksi ya nati ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Ndivyo ninavyofanya nikihisi nimekosea. Maneno hayo, kali ni kali, niliyaamini mimi mwenyewe kwa miaka mitatu, na siku yaliponigeuka yalikaribia kuwanyima maji watu wa nyumba sitini. Nilipaswa kumwambia kijana yule. Sikumwambia. Basi naandika, na karatasi hizi nitazibandika hapa kando ya kaunta. Anayesubiri kuhesabiwa bolti zake na asome.

Najua mtacheka. Mtu wa miaka thelathini na minne anawaandikia kama babu aliyestaafu reli. Lakini nimestaafu kweli. Mafuta ya kupozea kisu yalipigana na ngozi yangu. Vidole vilipasuka, vikapona, vikapasuka tena, mpaka daktari akaniambia nichague moja, mafuta au vidole. Nilichagua vidole, ingawa ilinichukua miezi mitano kuamua. Hakukuwa na keki wala hotuba. Niliifuta mashine yangu, nikaifunika kwa turubai, kisha nikaja kuuza vitu ambavyo zamani nilikuwa nikivinunua.

Sikusomea kazi hii popote. Nilijifundisha kwa video za simu na kwa kitabu cha maelezo nilichokiokota kwa muuza skrepu, kimepotea kurasa ishirini za mwanzo, ndiyo maana kwa muda mrefu nilijua kufanya mambo ya katikati bila kujua ya kuanzia. Ledhi yangu ilikuwa ndogo, ya kukaa juu ya meza, mtumba. Niliiweka katika kibanda cha mabati hapa Nakuru, upande wa chini wa mji, katika safu ya vibanda saba vya mafundi wa vyuma.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, ledhi ni mashine inayoshika chuma na kukizungusha, kisha kisu kilichofungwa imara kinasogezwa mpaka kikiguse na kukimenya. Kisu chenyewe si kama cha jikoni. Ni kijiti cha chuma kigumu, unene wa kidole, tunachokiita haispidi. Kinauzwa butu. Ncha unaitengeneza mwenyewe kwenye jiwe la grainda. Mashine unaweza kununua, kuazima au kurithi. Ncha ni yako, na kila anayekiona kile kijiti anajua wewe ni mtu wa namna gani.

Kijiti changu kilisema mimi ni mtu mwenye wasiwasi.

Ningenoa, nitazame, nione kamkwaruzo kadogo kama unywele, ninoe tena. Jumatatu nilikuwa na haispidi mpya ndefu kama kidole cha kati. Ijumaa ilikuwa na urefu wa kiberiti, na bado sikuwa nimekata chochote. Jirani yangu wa kibanda cha pili, Mama Shiro, alisimama mlangoni na kikombe cha uji akatazama kile kijiti.

"Daktari," akasema, maana ndilo jina alilonipa kwa vile nilikuwa nikivifunga visu vyangu kwa kitambaa cheupe, "hiyo unanoa ama unakula?"

Mama Shiro alikuwa na miaka hamsini na kitu. Alijifunzia ledhi katika karakana ya shamba la maua kule Naivasha. Aliingia kama mfagiaji, akatoka akiwa ndiye anayetengeneza pampu zao zote. Hakuwa mwalimu wangu. Tulikuwa tukishindania wateja wale wale, na alinikumbusha hivyo kila aliponisaidia. "Nakuambia hii na bado nitakunyang'anya wateja," angesema. Kisha angeniambia.

Yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kuweka kisu sawa na kitovu cha chuma kwa rula fupi. Unaibana rula kati ya ncha ya kisu na chuma cha mviringo, polepole, bila kuwasha mashine. Rula ikisimama wima, kisu kiko sawa. Ikikulalia wewe, kisu kiko chini. Ikilalia upande wa mashine, kiko juu. Hakuna cha kupima, hakuna cha kubahatisha. Nilikuwa nimesumbuka miezi minne na jambo ambalo rula ililijibu kwa kupumua mara moja.

Ni yeye pia aliyeniokoa na zile tipu za kabaidi, vile vipande vidogo vinavyong'aa ambavyo huwa mnaniulizia kila siku. Nilizinunua kwa sababu kwenye video zilikata chuma kama siagi. Kwenye mashine yangu zilitetemeka na kupiga kelele, kisha zikavunjika kona. Mama Shiro alisikiliza kelele hizo kutoka kwake, akaja kuniambia, "Tipu inataka mashine ya kifua. Yako ina roho safi tu." Alimaanisha kwamba kabaidi inataka kasi na nguvu na mashine isiyotikisika. Ledhi ndogo inafurahia haispidi iliyonolewa vizuri, inakata kwa upole. Na ukiwa na kabaidi na ukainoa kwenye jiwe la kijani, usiitumbukize majini ikiwa ya moto. Itapasuka nyufa usizoziona, ikusaliti baadaye. Haispidi ndiyo unayoipoza kwenye maji mara kwa mara, kabla haijawaka, ili vidole viweze kuishika.

Sasa nifike kwenye msumari.

Kati ya kibanda changu na cha Mama Shiro kulikuwa na nguzo, na kwenye nguzo msumari wa inchi sita. Desturi ya safu ile, niliyoikuta na ambayo hakuna aliyeniambia ilianzishwa na nani, ilikuwa hivi. Ukiharibu kazi, unaitundika pale. Puli iliyopasuka, shafti iliyokatwa fupi, nati yenye meno yaliyokwenda kombo, vyote vilining'inia kwa waya mchana kutwa. Kila apitaye aliruhusiwa kuuliza, "Ya nani hii, na ilikuwaje?" na mwenye kosa alilazimika kueleza, mara ishirini kama ni ishirini. Siku utakapotengeneza nyingine nzuri, unaiondoa. Watu walicheka, ndiyo. Mmoja aliwahi kukata shafti ya mteja kutoka upande ambao alikuwa ameuwekea alama ya "usikate", na kwa wiki nzima tulimsalimu, "Usikate, sasa?"

Kwa miaka mitatu mimi sikutundika kitu hata kimoja.

Watu walidhani sikosei. Nami niliwaacha wadhani hivyo. Ukweli, na huu sikuwahi kuuandika mahali, ni kwamba chini ya meza yangu kulikuwa na mkebe wa rangi, ule wa lita ishirini, wenye kifuniko. Kila nilichokiharibu kiliingia humo. Nilikuwa nikifunika kwa makini, nikipanga juu yake matambara, na asubuhi nilipofika kazini jambo la kwanza nililolitazama si mashine. Ni kifuniko.

Mtu mmoja ndiye aliyenifungulia mkebe ule, na hakujua kwamba anaufungua.

Alikuwa Mzee Koech, katibu wa mradi wa maji wa watu wa nyumba sitini kule juu, upande wa Subukia, kwenye shamba ambalo zamani lilikuwa la mzungu na wazazi wao wakagawana. Mzungu aliacha pampu. Ilikuwa inapandisha maji kutoka mtoni hadi tangi la kilimani tangu kabla Koech hajazaliwa, na vipuri vyake havitengenezwi tena popote duniani. Bushi yake ilikuwa imelika. Bushi ni bomba fupi nene la shaba ambalo shafti huzungukia ndani yake. Ikilika, shafti inacheza, maji yanavuja na pampu inajivunja yenyewe.

Koech aliweka mezani kitu kilichofungwa kwa gazeti. Kilikuwa kipande cha shaba ile ngumu ya rangi ya asali, kizito.

"Ilikuwa ya gurudumu ya trekta," akasema. "Baba yangu aliiweka chini ya kitanda mpaka akafa. Alikuwa anasema siku moja itaitwa. Sasa imeitwa."

"Una nyingine kama hii, Mzee?"

"Nyingine nitatoa wapi? Hiyo tu." Akavua kofia. "Kijana, sikuharakishi. Lakini wiki hii ni ya tatu tunashuka mto. Juzi nilikuta mama yangu kwa njia na mtungi mgongoni. Ana miaka themanini na mbili. Nikamwambia aniachie, akakataa, akasema nimpishe."

Nilimwahidi siku tatu. Nilifurahi, niwaambie ukweli. Nilijiambia kwamba hii ni kazi ya mtu asiyekosea.

Siku mbili kati ya zile tatu nilizitumia kunoa kisu kimoja. Kilikuwa kisu cha ndani, kile chembamba kirefu kinachoingia shimoni kukata tundu. Nilikinoa kwenye jiwe, nikakisugua kwa kinoo chenye mafuta, nikakisugua tena kwa ngozi ya mkanda mpaka nikajiona pua kwenye ncha. Juu ya ncha niliuchimba mteremko kama wa kijiko, ule tunaouita ndoano, ambao kwenye chuma cha kawaida hufanya maranda yatoke marefu kama utepe. Nilikijaribu kwa ukucha, kikanyofoa ukucha bila mimi kuhisi. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, kabla wala baada.

Lakini kuna jambo nililokuwa nimeliona na kulidharau. Kila Mama Shiro alipotaka kukata shaba, alichukua kisu chake kizuri, akachukua kinoo, na kukipitisha juu ya ncha mara tatu, kikiwa kimelala kabisa, mpaka ndoano ikaisha na ncha ikawa bapa. Aliyaua makali yake mwenyewe! Nilikuwa nikitazama na kusema moyoni, mama wa watu amechoka, siku hizi hajali. Sikumuuliza kwa nini. Kuuliza kungeonyesha kwamba sijui, na zile kurasa ishirini za mwanzo nilikuwa nimeapa hakuna atakayejua hazipo.

Siku ya tatu asubuhi nikaifunga shaba kwenye mashine. Kata ya kwanza ilipita vizuri. Ya pili, vizuri. Nikabakiza kata ya mwisho, nyembamba kama karatasi, ile ya kufikisha kipimo.

Chuma hukipinga kisu. Unakisukuma, nacho kinakurudisha. Shaba haipingi. Ikikutana na ndoano kali, inaikamata na kuivuta ndani, na kama skrubu za mashine yako zimelegea kidogo, kama zangu, kisu kinaruka kabla mkono wako haujajua. Nilisikia mlio mmoja, kama mbuzi. Nilipozima mashine kulikuwa na mfereji ndani ya bushi, mwekundu, mpya, unaozunguka nusu ya tundu.

Niliingiza kidole nikaupapasa mfereji. Kisha nikaupapasa tena, kama kwamba mara ya pili ungekuwa umepungua.

Kivuli kikatokea mlangoni. "Daktari, nimesikia mgonjwa akilia."

"Hakuna kitu, Mama Shiro. Ni mshipi wa mashine."

"Mshipi?"

"Umelegea."

"Haya. Ukaze basi," akasema, akaenda.

Nitawaambia niliyoyafikiria, yote, kwa sababu mngeyafikiria nanyi. La kwanza: nitamwambia Koech shaba ilikuwa na tundu ndani, ya babake ilikuwa mbovu. La pili: nitaujaza mfereji grisi nzito, nimpe, na itamfanyia kazi wiki mbili tatu kabla ya kuanza kuvuja, na wakati huo nani atajua? La tatu lilikuwa baya zaidi, kwa sababu halikuwa wazo bali mkono wangu. Mkono ulikuwa tayari umeifungua ile bushi, umeinama chini ya meza, umetoa matambara na kufunua mkebe.

Bushi haikuingia.

Nilijaribu kuipindua. Nikajaribu kuisukuma. Mkebe ulikuwa umejaa mpaka juu. Miaka mitatu ilikuwa imefika ukingoni siku ile ile, nami nikapiga magoti pale sakafuni nimeshika kipande cha shaba cha marehemu ambacho hakina pa kufichwa.

Ninachokumbuka ni kwamba mkebe ulikuwa mzito sana na niliubeba kwa mikono miwili, nimeiweka bushi juu kama kofia, nikaingia kwa Mama Shiro na kuumimina wote mezani kwake, kelele hadi fundi wa kibanda cha sita akachungulia.

Mama Shiro akavaa miwani. Akaanza kuokota kimoja kimoja kama mtu anayechagua maharagwe.

"Ngai. Hii ni ile puli ya yule jamaa wa kusaga unga! Si ulituambia iliibwa?"

"Nilisema hivyo."

"Tukamfukuza mlinzi, Daktari!"

"Alirudi," nikasema. Kweli alirudi, wiki iliyofuata, na hiyo pia ilikuwa mojawapo ya sababu za kutazama kifuniko kila asubuhi.

"Na hii? Hii ilikuwa nati? Hii sasa ulikuwa unatengeneza nini, pete ya harusi?" Fundi wa kibanda cha sita akacheka, na nikashangaa kwamba sikufa. Kisha mkono wa Mama Shiro ukasimama. Alikuwa ameshika kipande kidogo cha shaba, koki ya bomba niliyoiharibu mwaka wa kwanza. Akaileta karibu na miwani, akachukua na bushi, akaviweka sambamba.

Mkwaruzo ulikuwa ule ule. Mwekundu, mfereji wa kuruka, nusu mviringo. Mmoja mdogo, mmoja mkubwa.

"Hii ni ya lini?"

"Mwaka wa kwanza."

"Ungeiweka kwa msumari," akasema polepole, "ningepita hapo, niulize ya nani hii na ilikuwaje. Ningekuambia, Daktari, shaba haitaki ndoano. Maneno matatu. Ungekuwa unajua miaka miwili sasa." Akaiweka koki chini. "Sisi hatutundiki ndio tuchekwe, wewe. Kuchekwa ni mafuta tu, ya kufanya funzo literemke."

Nikamuuliza kama bushi inaweza kupona. Akalipima tundu kwa vania, ile rula yenye taya ya kupimia vitu vyembamba, akanipa nami nilipime. Ukiusafisha mfereji wote, tundu litakuwa kubwa kuliko shafti kwa unene wa ukucha. Shaba iliyobaki pembeni inatosha. Tundu huwezi kulipunguza, lakini shafti unaweza kuinenepesha. Unaichonga kidogo pale ilipolika, unaivisha soksi ya chuma, yaani bomba fupi la kuifunika, unaikata soksi ifikie tundu.

"Lakini hiyo inataka shafti iko hapa," akasema. "Na shafti iko kwa pampu. Na pampu iko kwa Koech. Kwa hivyo ni wewe na simu yako."

"Kesho asubuhi nitampigia, nikishapanga vizuri cha kumwambia."

"Piga sasa, kabla hujaanza kunoa huo uongo."

Nikapiga nikiwa nimesimama pale pale, na kwenye meza mbele yangu kuna makosa yangu ya miaka mitatu.

"Mzee Koech, ni fundi wa Nakuru. Nimeharibu bushi. Shaba haikuwa na shida. Ni mimi. Niliweka kisu ambacho si chake."

Nilisikia ng'ombe, na mtu akiita mbali.

"Umekata yote?"

"Hapana, Mzee. Tundu limekuwa kubwa. Ukiniletea shafti, naweza kuifanya iwe kubwa ilingane nayo. Mwenzangu hapa atanisimamia."

"Kwa hivyo," Koech akasema, "umekula bushi, sasa unataka na shafti."

Nikaishika bushi kwa mkono mwingine.

"Fundi, ungeweza kunyamaza tu usiniambie?"

"Ningeweza, Mzee."

Akakohoa. "Basi nitaifungua leo. Kesho nakuja na gari ya maziwa."

Alikuja saa nne asubuhi, shafti imefungwa kwa gunia, urefu wa mkono. Hakwenda kunywa chai. Aliketi kwenye tairi mlangoni, kofia juu ya goti, akatutazama kutwa.

Soksi ya chuma niliikata mimi, kwa visu vyangu vyenye ndoano, na pale vilikuwa nyumbani. Maranda yalitoka marefu, ya buluu, mpaka Koech akaokota moja akalipinda kidoleni. Tuliipasha soksi moto kwenye jiko la makaa ipanuke, tukaitelezesha juu ya shafti kwa koleo, na ilipopoa iliikumbatia kama mtoto mgongoni. Huwezi kuitoa tena bila kuikata.

Kisha ikaja zamu ya shaba. Nilichukua kisu kingine cha ndani, nacho nilikuwa nimekinoa mwezi mzima uliopita kwa mapenzi. Mama Shiro akanipa kinoo.

"Mara tatu. Kilaze kabisa."

Nilikilaza. Iliniuma, na msinicheke. Ukishazoea kuyatafuta makali kwa macho na kucha na masaa, kuyapunguza kwa makusudi ni kama kumkata nywele mtu aliyelala. Nilipitisha mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ile ncha iliyokuwa ikinimeremetea ikawa bapa, nyepesi, haina cha kujisifia.

Nikakisogeza kwenye shaba. Haikulia. Hakukuwa na utepe, hakukuwa na buluu. Ilitoka ikiwa chembechembe kavu, kama unga wa mahindi uliosagwa kwa kuparaza, ikianguka bila kelele. Nilikata kwa utulivu ambao sikuujua. Shafti iliingia kwenye bushi kwa mkono, ikazunguka kwa kidole kimoja.

Koech alisimama, akaizungusha mwenyewe mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Sasa hii," akasema, "iko kama ya zamani?"

Nilitaka kumwambia bado kuna mahali naona alama. Mama Shiro akanikanyaga mguu.

"Iko ya kufanya kazi, Mzee," akajibu yeye.

Gari la maziwa lilipoondoka, nilikichukua kile kisu cha ndoano, kilichonichukua siku mbili, kizuri kuliko chochote nilichowahi kukitengeneza. Nikakifunga waya nikakitundika kwenye msumari. Jioni ile niliulizwa mara kumi na nne, "Ya nani hii, na ilikuwaje?" Mara ya kwanza niliongea nikitazama chini. Mara ya kumi na nne nilikuwa nimeshaongeza vichekesho.

Sikukiondoa tena. Kipo pale mpaka leo. Vibanda viwili vimebadilisha fundi, nguzo imepakwa rangi, na wapya wakiuliza, wa zamani wanaeleza, ingawa siku hizi wanasema nilinoa kwa wiki mbili na bushi ilikuwa ya helikopta.

Kwa hiyo mkija hapa na nikawauliza mnakata nini, si kwamba nawachelewesha. Mkikata chuma cha kawaida, chukueni haispidi, mchimbe ndoano, mfurahie utepe. Mkikata shaba, lazeni kinoo juu ya ncha mara tatu. Na mkiharibu, leteni nione. Nimepigilia msumari hapa nyuma ya kaunta.

Koech hunipigia kila mwaka kiangazi kinapoanza. Hasemi mengi. Mwezi jana alipiga nikiwa dukani.

"Daktari," maana naye siku hizi ananiita hivyo, "sikiza."

Akaiweka simu karibu na pampu. Nikasikia injini, nikasikia maji yakipanda kwenye bomba, na ndani yake, kila mzunguko, kitu kidogo: tik. Tik. Labda kiungo cha mshipi. Labda soksi. Labda ile alama niliyoiona siku ile na sikuisema. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumwambia aizime, nije na vania, nije kesho.

"Unasikia?" akauliza. "Mama yuko hapa, anakusalimia. Iko sawa?"

Nikahesabu tik mpaka ya kumi na moja, zote za mwendo mmoja, maji yakipanda, kisha nikaacha kuhesabu.

"Iko sawa, Mzee," nikamwambia. "Wacha ipandishe maji."